Samaki wa Jiwe la Kwanza

Mgeni akifika Kigoma mara ya kwanza hutazama mbali. Ziwa Tanganyika limelala mbele yake, zaidi ya kilomita 650 kwa urefu na mita 1,470 pale lilipo na kina kikubwa kabisa, na ng'ambo ile inaonekana milima ya Kongo siku ambazo moshi wa kiangazi haujaifunika. Sisi wenyeji nasi hutazama mbali, ila kwa sababu nyingine: chakula kinatoka huko. Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa hujipanga majini mpaka hujui ziwa linaishia wapi, na asubuhi pale mwaloni Kibirizi habari ni moja tu, jana wamepata au wamekosa.

Mimi nataka kuandika habari za maji yasiyofika magotini. Nausemea ule ukanda mwembamba wa mawe ulio kati ya nchi kavu na kina, pale wimbi linapovunjika, watoto wanapoogelea na kina mama wanaposugua masufuria. Chini ya mawe hayo anaishi samaki ninayempenda kuliko wote wa ziwa hili. Haliwi, hauzwi sokoni, na mtu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka mita ishirini kutoka nyumbani kwa samaki huyo bila kumwona. Ninaamini kwamba yeye, na si migebuka wala dagaa, ndiye anayetueleza vizuri zaidi ziwa letu ni nini na linaumia wapi.

Kundi lake wataalamu wanaliita Eretmodini, na ndani yake mna jenasi tatu, yaani makundi matatu ya aina zenye undugu wa karibu: Eretmodus, Spathodus na Tanganicodus. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, ukoo unaoitwa siklidi, ingawa ukimtia mkononi utabisha. Sato amebapa ubavuni na ana kifua kipana. Huyu ni mnene wa mviringo, mkubwa wake ana sentimita 8 hivi, kipaji kimeteremka kwa ghafla, mdomo umefungukia chini, na macho yamepanda juu ya kichwa karibu yakutane. Mwili ni wa kahawia iliyofifia, wenye michirizi iliyosimama wima, na akitua juu ya jiwe lenye utando unampoteza hapo hapo. Akigeukia jua ndipo unapoona vidoti vya buluu usoni na ubavuni mwa Eretmodus, buluu kali ambayo hukuitarajia kwa mnyama aliyejificha namna ile.

Samaki wengi wana mfuko wa hewa tumboni unaowawezesha kuelea bila kujichosha. Wa kwake umesinyaa. Sababu yake utaielewa ukisimama kwenye mawe hayo siku ya upepo wa kusi, mwezi wa Juni au Julai, wimbi linapokuja kwa nguvu na kurudi likikokota changarawe. Anayeelea mahali pale hupigwa kwenye mwamba. Yeye ni mzito, hukaa chini, hujiegemeza kwa mapezi ya tumbo, na akitaka kusogea huruka mruko mfupi, hutua, hutulia, huruka tena. Kumwona akifanya hivyo katikati ya povu, wimbi likipita juu ya mgongo wake naye hatikisiki, kunanifurahisha kila mara.

Kumwona kwenyewe si kazi ngumu ila kunataka subira. Nenda asubuhi kabla ya upepo, upande wenye mawe hasa: Katonga, Bangwe kuelekea rasi ya Kitwe, au kaskazini, Kalalangabo na Mtanga, kwenye njia ya maboti yaendayo hifadhi ya Gombe. Vaa miwani ya kuzamia, lala kifudifudi kwenye maji ya nusu mita, shika jiwe usisukumwe, kisha usifanye lolote. Mwanzoni utaona samaki wanaojionyesha, wale wanaoogelea juu juu na kufukuzana. Wa kwako amekwisha kukuona wewe kwanza, kivuli chako kilipoanguka, na ameingia chini ya jiwe. Atatoa macho. Baadaye atatoa kichwa. Ukivumilia atarudi kwenye kazi yake ya kukwangua mawe, na mara nyingi utaona kwamba hayuko peke yake, mwenzake yuko hapo karibu, nusu mita au chini ya hapo.

Mzee mmoja mvuvi wa Katonga alinikuta siku moja nimelala hivyo majini akadhani nimepatwa na jambo. Nilipoinuka nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, umepoteza nini humo?" Nikamwambia namtazama samaki. Akainama, akachungulia, akasema, "Hao wa kwenye mawe tunawaacha. Nyavu haipiti hapo, itachanika." Maneno yake yana ukweli mkubwa kuliko yanavyosikika. Kokoro huburutwa kwenye mchanga, na nyavu za dagaa hushushwa huko kwenye kina. Mawe yamemkinga samaki huyu dhidi yetu kwa muda wote ambao watu wamevua ziwa hili, bila sheria na bila doria.

Maadui wengine anao, na wanamfuata mpaka mlangoni. Kuna siklidi wawindaji wenye miili mirefu, kama Lepidiolamprologus elongatus, wanaopita taratibu juu ya mawe wakitafuta mdogo aliyejisahau. Kuna samaki wembamba wenye umbo la nyoka, jenasi Mastacembelus, wanaopenya kwenye nyufa ambazo mwindaji mwenye mwili mpana hawezi kuingia. Mdiria hupiga kutoka juu. Fisi maji hugeuza mawe. Halafu yuko swila wa majini, nyoka mwenye sumu ambaye chakula chake ni samaki na ambaye hujificha kwenye mawe yale yale; akitokea, mtu uondoke polepole umwachie nafasi, maana kwa kawaida hana haja na wewe.

Sasa niseme habari ya meno, kwa sababu hapo ndipo uhondo unapoanza. Ukiwachukua hawa wa jenasi tatu ukawaweka kando kwa kando, mtu asiye na uzoefu atasema ni wamoja. Fungua midomo. Eretmodus ana meno mapana bapa, yenye shingo nyembamba, yaliyopangwa kwa ajili ya kukwangua utando wa kijani juu ya jiwe. Spathodus ana meno ya mviringo yenye ncha iliyobapa. Tanganicodus ana mdomo mwembamba na meno marefu yaliyochongoka, ambayo kazi yake ni kuchomoa mabuu ya wadudu na viumbe wengine wadogo kutoka kwenye nyufa. Kwa hiyo katika eneo dogo, pale pale mama wa jirani anaposuuza sahani, mmoja anakula majani na mwingine anakula nyama, wote wakiwa na sura moja na makazi mamoja.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kila aina ya meno ni tawi lake la ukoo: wenye meno mapana ni ndugu, wenye meno ya sindano ni ndugu. Mwaka 1999 Lukas Rüber, Erik Verheyen na Axel Meyer walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kundi hili, na picha ikageuka. Vinasaba walivyochunguza vilionyesha kwamba meno yanayofanana yametokea zaidi ya mara moja, katika matawi tofauti, sehemu tofauti za ziwa. Samaki wa pwani moja anaweza kuwa na undugu wa karibu zaidi na jirani yake mwenye meno mengine kuliko na yule wa mbali anayefanana naye mdomo. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Ni kusema kwamba jiwe na wimbi vimewafundisha watu wasiojuana kazi ile ile, kwa nyakati tofauti, na wote wakatengeneza zana ile ile.

Ndoa yao nayo inastahili nafasi. Siklidi wengi wa maziwa yetu hutamia mayai mdomoni, na kwa wengi wao kazi hiyo ni ya mama peke yake. Dume akishamaliza lake huondoka kutafuta jike mwingine. Eretmodus hufanya tofauti. Jike na dume hukaa wawili kwenye eneo lao la mawe, hula pamoja, humfukuza mgeni pamoja. Jike akitaga, mayai huwa machache na makubwa, makumi mawili hivi, naye huyakusanya mdomoni. Baada ya siku kumi hivi, mayai yakiwa yamekwisha anguliwa na vifaranga bado vina kiini cha yai tumboni, jike humkaribia dume, na kwa ishara za mwili wanazojua wenyewe humkabidhi watoto. Hutema, dume hupokea. Kuanzia hapo baba hubeba kwa muda unaokaribia ule wa mama, mpaka watoto waweze kujitegemea chini ya mawe.

Fikiria gharama yake. Mzazi aliyejaza watoto mdomoni hali kama kawaida, wala hawezi kumng'ata adui. Amejifunga mdomo mahali ambapo wimbi halitulii na wawindaji wanapita mchana kutwa. Kwa kugawana, jike anapata nafasi ya kula na kurudisha nguvu kabla ya kutaga tena, na watoto wanabaki salama kwa muda mrefu zaidi kuliko mzazi mmoja angeweza. Christoph Grüter na Michael Taborsky walilijaribu jambo hili kwa kuwaondoa madume. Majike walioachwa peke yao walijitahidi kutamia siku nyingi zaidi, lakini hawakuweza kufidia kikamilifu kazi ya baba. Na kusini mwa ziwa, upande wa Zambia, Sigal Balshine na wenzake walipowafuatilia wachumba hao na kupima vinasaba vya watoto, walikuta watoto ni wa hao hao wawili wanaowalea. Uaminifu wa namna hiyo ni nadra kwa wanyama, hata kwa ndege tuliozoea kuwasifia.

Sababu ya uaminifu huo inarudi kwenye jiwe. Mahali pazuri chini ya wimbi ni pachache na kila mmoja anapataka. Anayetoka kwenda kutafuta mchumba wa pili anaweza kurudi akute eneo lina mwenyewe na mwenzi ameshachukuliwa. Kukaa nyumbani na kulinda kunalipa. Ninapenda kwamba watafiti wameweza kulionyesha hili kwa kuwahesabu, kuwatia alama na kuwafuatilia samaki wa urefu wa kidole mmoja mmoja, saa baada ya saa, wakiwa wamejikunja kwenye maji baridi ya asubuhi. Ni kazi ya upendo, hata kama ripoti zao hazitumii neno hilo.

Jinsi dunia ilivyowafahamu samaki hawa ni hadithi ndefu, nitaigusa tu. Katikati ya miaka ya 1890 Mwingereza J. E. S. Moore alikuja Tanganyika kuchunguza viumbe wa ziwa. Hapo ilikwisha julikana kwamba humu mna kiwavi maji wa maji baridi na konokono wenye magamba kama ya baharini, naye akashikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale iliyowahi kufika katikati ya Afrika. Samaki aliowakusanya kwenye mawe ya kusini, karibu na Mpulungu ya leo, walifika London, na mwaka 1898 George Boulenger akamwandika Eretmodus cyanostictus kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi. Tanganicodus alisubiri hadi 1950, Max Poll alipomwandika kutokana na samaki wa Uvira, akampa jina la pili la irsacae kwa heshima ya taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, IRSAC, iliyokuwa na kituo mjini humo. Uvira bado kuna kituo cha utafiti wa ziwa hadi leo, na wanasayansi wa Kongo wanaofanya kazi pale katika mazingira magumu wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Eretmodus wa kaskazini mwa ziwa alitenganishwa na yule wa kusini mwaka 2012 tu, akapewa jina Eretmodus marksmithi. Kwa karne nzima na zaidi vitabu viliwahesabu kuwa samaki mmoja.

Dhana ya bahari ya kale haikudumu. Ziwa limezaliwa na bonde la ufa, umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na siklidi wake karibu wote, aina zinazokaribia 250, hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Basel, wakiwemo Fabrizia Ronco na Walter Salzburger, ilitoa matokeo ya kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote kwa ujumla, za takriban aina zote hizo, na ikathibitisha kwamba wingi huo wote umechipuka humu humu ndani ya ziwa. Moore alikosea jibu lakini swali lake lilikuwa zuri: kwa nini ziwa hili lina viumbe kama lenyewe ni bahari?

Sehemu ya jibu unaweza kuiona kwa kutembea ufukweni. Toka Katonga uelekee Ujiji na uendelee mpaka kwenye delta, pale mto Luiche unapoingia ziwani. Mawe yanakwisha. Unafika kwenye mchanga, halafu tope na matete, kilomita baada ya kilomita. Kwako ni matembezi. Kwa samaki asiye na mfuko wa hewa wa kumwezesha kuelea, asiyejua kuishi bila ufa wa kujificha, mchanga ule ni jangwa. Hauvuki. Wala hawezi kuzunguka kwa kupita kwenye kina, maana huko nako hana anachokijua. Basi wale wa upande huu wa delta wanazaana wenyewe kwa wenyewe, na wale wa upande ule vivyo hivyo, mpaka vinasaba vyao vinaanza kusema lahaja tofauti. Uchunguzi uliofanywa kwenye pwani za Kigoma na kwingineko ziwani umeonyesha tofauti za namna hii hata kati ya samaki waliotenganishwa na ghuba ya mchanga ambayo mtu anaivuka kwa kasia kabla jasho halijamtoka.

Na ziwa lenyewe halikukaa mahali pamoja. Katika nyakati za ukame mkubwa wa zamani maji yalishuka kwa zaidi ya mita 200 chini ya yalipo leo. Ukanda wa mawe ulishuka nao. Samaki wa jiwe la kwanza walilazimika kuufuata ukingo ukitelemka mteremko, vizazi kwa vizazi, kisha kuufuata tena ukipanda. Pwani zilizokuwa zimetengana zikakutana, zilizokuwa zimeungana zikakatika. Mabadiliko madogo hayakukoma. Karne ya 19 njia ya Mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, ilikuwa imezibwa na matope na mimea na ziwa likajaa. Kizibo kilipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalishuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Wazee wa Ujiji walisimuliwa na wazee wao habari za ufukwe uliosogea. Miaka hii ya karibuni tumeona kinyume chake: maji yamepanda, yameingia kwenye nyumba na barabara Bujumbura, Uvira, Kalemie na hapa kwetu Kigoma, na watu wamepoteza mali.

Samaki wetu ameyapitia hayo yote. Kupanda na kushuka kwa maji anakujua, alimradi huko maji yanakokwenda akute mawe. Linalomshinda ni tope.

Vilima vinavyotuzunguka vina mteremko mkali. Vikiwa na miti, mvua ya Novemba hushuka na majani, ikanywewa na ardhi, na maji yanayofika ziwani huwa safi kiasi. Vikiwa vimelimwa mpaka kileleni au kukatwa kwa ajili ya mkaa, mvua ile ile hushuka na udongo. Panda boti siku moja baada ya mvua kubwa ukapite mbele ya Gombe, kisha mbele ya vijiji vilivyo nje ya hifadhi, utauona mpaka kwa macho: hapa maji ya kijani angavu, pale mkanda mwekundu umeshika ukingo. Andrew Cohen na wenzake waliandika tangu 1993 kwamba miamba iliyopokea tope jingi ilikuwa na aina chache za viumbe kuliko miamba iliyo chini ya vilima vyenye uoto. Kuanzia 1998 Mradi wa Nyanza uliwaleta Kigoma wanafunzi wa Kiafrika na Kimarekani kufanya utafiti wa ziwa, na baadhi yao walishughulika na swali hili hili kwenye mawe tunayoyakanyaga.

Tope linamdhuru samaki wa mawe kwa njia mbili, na zote ni za taratibu kiasi kwamba hakuna anayepiga kelele. Kwanza linafunika utando. Mkwanguaji anajaza mdomo mchanga mahali pa chakula, na utando wenyewe ukikosa mwanga unadumaa. Pili linajaza nyufa. Jiwe bado lipo, ukilitazama kutoka juu halina tofauti, lakini pale chini palipokuwa na uwazi wa vidole viwili pameshindiliwa. Nyumba imezibwa. Wale wawili waliokuwa wakikabidhiana watoto hawana pa kuingia mwindaji akipita, na kuhama hawawezi kwa sababu niliyokwisha eleza. Hapo hawafi kwa siku moja. Kila mwaka watoto wachache wanafika ukubwani, mpaka mwaka mmoja mtu alale kifudifudi na miwani yake atazame mawe matupu.

Kuna na wanaochukua mawe yenyewe. Mji unakua, msingi unahitaji mawe, na mawe ya ufukweni yameshasafishwa na wimbi na hayahitaji kupasuliwa. Nimeona marundo yake yakisubiri lori. Najua ni riziki ya watu, vijana wengi, na sitaki kumlaumu anayebeba jiwe kichwani ili watoto wake wale. Lakini mzigo mmoja wa lori ni makao ya wachumba wengi, na jiwe likiondoka ziwa halilioteshi jingine.

Ndiyo maana mazungumzo ya ziwa ya miaka hii yananipa furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilisimamishwa ili samaki wazaane, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Niliunga mkono na bado naunga mkono, ingawa najua ilivyoumiza familia zinazoishi kwa siku. Dagaa wamepungua, maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na tangu 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba joto hilo linazuia virutubisho vya chini kupanda na hivyo kupunguza chakula cha ziwa zima. Hatua ilihitajika. Ila katika mikutano yote niliyohudhuria, ziwa lilizungumzwa kama bwawa la dagaa na migebuka. Ukingo haukutajwa. Unaweza kufunga ziwa miezi mitatu kila mwaka na mtaro wa tope ukaendelea kumwaga kwenye mawe miezi yote kumi na miwili.

Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maandishi yapo. Kazi za mfano zipo pia: mradi wa TACARE, ulioanzishwa 1994 na Taasisi ya Jane Goodall katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ulianza na miche ya miti na umeonyesha kwamba kilima kilichochoka kinaweza kurudi wanakijiji wenyewe wakishika usukani. Mti uliopandwa juu Mtanga unamlinda samaki wa chini Mtanga, hata kama aliyeupanda alikuwa akitafuta kuni tu.

Ninachoomba ni kidogo, na naomba kwa viongozi wa vijiji na wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya ufukweni, wa pwani yetu, maana wao ndio wanaojulikana na kila mtu ufukweni. Mnapokagua nyavu na leseni, kagueni na mawe. Chagueni vipande vya pwani, hata mita mia mbili tu kwa kila kijiji, ambavyo jiwe halitolewi, na mtaro unaoelekea hapo uwekewe matete au kingamaji tope litue kabla ya kufika majini. Anayechimba mawe aonyeshwe machimbo ya mlimani, mbali na makorongo. Walimu wa shule zilizo karibu na ziwa wanaweza kuwapeleka watoto na miwani mbili tatu za kuzamia, wapokezane, wahesabu samaki kwenye kipande chao mara moja kila muhula na kuandika daftarini. Daftari hilo likiendelea kwa miaka kadhaa litakuwa na thamani kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapa Kigoma na kwa yeyote atakayetaka kujua kama mawe yetu bado yana wenyewe. Shule itakayotaka kuanza iniandikie hapa chini. Miwani ninayo, na Jumamosi asubuhi niko huru.